Barabarani au Mbugani? Sekondari mbili za kata, na mtoto mmoja wa kupeleka

Mwezi wa Januari duka langu la steshenari halipoi. Watu hawaji kununua daftari, wanakuja kuangaliziwa matokeo. Mzazi anaweka shilingi mia tano kaunta, anataja shule, nami nafungua tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani, nateremka mpaka kwenye namba ya mtoto wake. Wapo wanaopiga vigelegele palepale. Wapo wanaokunja karatasi mara nne, wakaitia mfukoni na kuondoka bila kuaga. Kazi hii nimeifanya kwa miaka mingi, hata kurasa za sekondari zetu mbili nazijua kama ninavyojua madeni ya wateja wangu.

Mji wetu ni mmoja wa ile midogo iliyojipanga kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, ukishapita Kisesa na Nyanguge, ziwa likiwa mkono wa kushoto. Una stendi, soko, mwalo wa kushushia samaki, mashamba ya mpunga na pamba kwa nyuma, na hizo sekondari mbili za serikali, zote za kutwa. Majina yake nayaacha, kwa kuwa nitasema mambo ambayo wenyewe hawatayafurahia. Moja nitaiita ya Barabarani, maana ukiwa kwenye daladala unaiona. Nyingine ya Mbugani, na ukienda huko mwezi wa Machi hutauliza kwa nini.

Dada yangu mkubwa ana binti aliyemaliza darasa la saba Septemba 2025. Dada anauza dagaa, na nyumba yake iko karibu kabisa na mpaka wa kata mbili, kwa hiyo mtoto angeweza kupangiwa huku au kule. Oktoba alinijia dukani.

"Wewe ndiye unayeona matokeo ya watoto wa watu. Mpwa wako aende wapi?"

Nilitaka kumjibu Barabarani, kama ambavyo mji mzima ungemjibu. Nikasita. Miaka yote hiyo nilikuwa nasoma namba za waliofanya mtihani. Wale waliokuwa darasani na hawakufika kwenye mtihani, sikuwahi kuwahesabu.

Unachoweza kuamua na usichoweza

Tusidanganyane: mzazi hachagui sekondari ya serikali kama anavyochagua kitenge. TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, ndiyo inayopanga, na orodha hutoka Desemba. Wachache waliofanya vizuri sana huitwa shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe, Kilakala au Msalato. Wengine huenda za ufundi kama Bwiru Wavulana pale Ilemela, au za bweni za kawaida. Hao waliobaki, ambao ndio wengi, hupangiwa shule ya kutwa ya eneo lao. Shule za binafsi zipo, ila ada yake ni hadithi nyingine, na dada yangu hakuniuliza hiyo.

Kilicho mikononi mwako ni uhamisho. Unahitaji barua, kukubaliwa na mkuu wa shule unayotoka, uthibitisho wa mkuu wa unayokwenda kwamba nafasi ipo, na idhini ya afisaelimu sekondari wa halmashauri. Ukitaka kuhama kutoka Mbugani kwenda Barabarani, neno "nafasi" ndilo litakalokukwamisha. Kutoka Barabarani kwenda Mbugani unapokelewa kabla hujamaliza kueleza.

Halafu kuna jambo la kalenda ambalo wazazi wengi hulisahau. Matokeo ya kidato cha pili na cha nne hutoka Januari, wakati mtoto tayari anashona sare. Ukiamua Desemba, ukurasa ulio nao ni wa mwaka uliotangulia. Sisi Oktoba ile tulikuwa na matokeo ya 2024, basi.

Asilimia ya ufaulu, na inachokificha

Zamani NECTA ilikuwa ikitangaza shule kumi bora. Iliacha kuanzia matokeo ya 2022. Tangu hapo watu wa mji wetu hujitungia orodha yao vijiweni, na Barabarani ndiyo ya kwanza kila mwaka. Kwa asilimia ni kweli. Mwaka 2024 waliokaa mtihani pale karibu wote walifaulu, Mbugani walianguka zaidi.

Lakini kufaulu kidato cha nne maana yake ni kupata daraja la kwanza hadi la nne. Mwaka huo nchi nzima ufaulu ulikuwa asilimia 92.37, na bado waliopata daraja la kwanza hadi la tatu hawakufika nusu. Wengi wa "waliofaulu" wako daraja la nne, na daraja la nne unalipata hata kwa C moja au D mbili. Huyo hachaguliwi kidato cha tano. Kwa hiyo shule ikikuambia ufaulu wake ni asilimia tisini na kitu, mwulize mwalimu swali moja: daraja la nne ni wangapi?

Alama zenyewe si ngumu. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Masomo saba bora yanajumlishwa: 7 mpaka 17 ni daraja la kwanza, 18 mpaka 21 la pili, 22 mpaka 25 la tatu, 26 mpaka 33 la nne, na 34 au 35 ni sifuri. Chini ya ukurasa kuna wastani wa shule, GPA, unaokwenda kinyume na mazoea: mdogo ndio mzuri. Mzazi mmoja aliwahi kunishangilia kaunta kwamba shule ya mwanawe imepata 4 na kitu. Sikuwa na moyo wa kumkatisha.

Ukishuka zaidi kuna jedwali la masomo. Mimi naanzia hapo siku hizi. Hisabati kwanza, ingawa haitakusaidia sana kuzitofautisha shule zetu, kwa kuwa nchi nzima karibu watahiniwa watatu kati ya wanne huifeli, na Barabarani na Mbugani zote zimo katika msiba huo. Angalia fizikia, na usiangalie asilimia. Angalia ni wangapi waliifanya. Shule yenye watahiniwa wengi lakini wanane tu kwenye fizikia inakuambia kitu kuhusu walimu wake hata kabla hujafika getini.

Waliopotea njiani

Hesabu hii niliipata usiku mmoja umeme ulipokatika, simu ikiwa na chaji kidogo na mimi nikiwa sina la kufanya. NECTA hutoa pia matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, shule kwa shule. Watoto waliofanya upimaji huo 2022 ndio waliofanya kidato cha nne 2024. Fungua kurasa mbili, tazama safu ya waliosajiliwa katika kila mmoja, toa. Ni dakika tano.

Kuona kwa nini hesabu hii ina maana, chukua shule mbili za kubuni. Ya kwanza ilikuwa na watoto 200 kidato cha pili. Miaka miwili baadaye wanafanya mtihani 130, wanafaulu 120. Asilimia 92, sherehe. Ya pili ilikuwa na 80. Wanafanya 74, wanafaulu 62. Asilimia 84, watu wanaguna. Sasa anzia pale walipokuwa wote. Ya kwanza imewafikisha watoto 60 kati ya kila 100 waliokuwa kidato cha pili. Ya pili imewafikisha 77 na ushee. Ukiwa na mtoto wa kawaida, si yule anayeongoza darasa, ungempeleka wapi?

Za kwetu hazikuwa kali kama mfano huo, lakini ziliegemea hukohuko. Pengo la Barabarani lingejaza mkondo mzima na wengine wakabaki wamesimama. La Mbugani ungelikalisha kwenye madawati machache ya mbele.

Niwe mkweli kuhusu udhaifu wa hesabu hii. Si kila aliyekosekana ni mdondoko. Anayeshindwa upimaji hurudia kidato cha pili, akatokea mwaka unaofuata. Watoto wa watumishi huhama wazazi wakihamishwa, na watumishi wengi wanakaa upande wa Barabarani. Ndiyo maana nilifanya kwa miaka mitatu mfululizo, si mmoja, na ndiyo maana nikaamua kwenda kuuliza.

Mwalimu wa taaluma wa Barabarani ni kijana. Aliniamkia shikamoo nikajua nimezeeka. Alikuwa muungwana, na nilipomwonyesha namba zangu hakukasirika. "Mzee wangu, wale ambao hawako tayari tunawashauri wazazi wawatafutie shule nyingine, au baadaye wajisajili kama watahiniwa wa kujitegemea." Alilisema kama mtu anayeeleza ratiba ya basi. Nikakumbuka wazazi wawili watatu waliokuja dukani kwangu kupiga chapa barua za uhamisho kwenda Mbugani, watoto wakiwa kidato cha tatu. Nilidhani wamehama nyumba.

Simlaumu kijana yule kuliko inavyostahili. Anapimwa kwa asilimia, na anazipata. Wanaokumbuka matokeo ya 2012, ambapo zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata sifuri mpaka serikali ikaunda tume, wanajua mkuu wa shule ya kata anaogopa nini. Ila mzazi naye lazima ajue kwamba sifa ya Barabarani imejengwa, sehemu yake, na watoto ambao haikubaki nao.

Nauli

Kutoka kwa dada mpaka Barabarani ni kilomita sita. Mpaka Mbugani ni dakika ishirini na tano kwa miguu, ukipita njia ya mashamba.

Elimu bila malipo ilianza Januari 2016. Ada iliyofutwa kwa shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Bodaboda kutoka kwa dada ni elfu moja kwenda na elfu moja kurudi. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha: 388,000. Hiyo ndiyo ada halisi ya Barabarani kwa mtoto wa dada yangu, na hakuna waraka unaoifuta. Serikali inatenga ruzuku ya 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima. Dereva wa boda angeimaliza katika siku kumi na tatu.

Kuna wanaokwepa nauli kwa kumpangia mtoto geto karibu na shule. Chumba kimoja nyuma ya stendi, godoro, jiko la mkaa, binti wa miaka kumi na minne akiwa na ufunguo wake. Wazazi wa vijijini wanafanya hivyo kwa nia njema kabisa, na wanalipia kwa jasho. Mimi sikubaliani nalo hata kidogo. Nimeona mabinti wanaotoka kwenye vyumba vile wakiacha kuja dukani kununua peni, kisha wanakuja baadaye kununua kadi ya kliniki. Tangu Novemba 2021 wanaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua, na ni jambo jema. Wangapi wanarudi, nenda ukahesabu mwenyewe asubuhi.

Baiskeli ni jibu la katikati, na kwa mvulana mwenye nguvu kilomita sita si kitu. Kwa Mbugani hata baiskeli haikusaidii masika. Udongo wa mbuga ukilowa unanasa. Tulipokwenda ilikuwa mvua ya kwanza ya Oktoba, na kila hatua kiatu changu kilizidi uzito mpaka nikawa natembea na matofali mawili. Watoto wa kule wana akili: wanavua viatu, wanavifunga shingoni kwa kamba, wananawa miguu kwenye pipa getini na kuingia darasani wakiwa safi. Mlinzi aliponisalimu "mwangaluka" alikuwa akiangalia suruali yangu, siyo uso.

Daftari la fizikia

Hii ni mbinu ambayo ningemfundisha kila mzazi. Ukifika shuleni, usianze na ofisi ya mkuu. Mwombe mwanafunzi wa kidato cha tatu akuonyeshe daftari lake la fizikia au la hisabati. Usisome kilichoandikwa, soma tarehe.

Barabarani daftari la kwanza nililofungua lilikuwa na tarehe ya juzi yake. La pili hivyohivyo, na masahihisho ya kalamu nyekundu, machache lakini yapo. Shule ina walimu wa sayansi wanaotosha kugawana mikondo, na maabara zilizoanza enzi za agizo la Rais Kikwete zimekamilika, zina mabomba, hata kama maji hutoka siku yanapotaka.

Mbugani, msichana mmoja alinipa daftari lake la fizikia kwa mikono miwili. Kurasa za mwanzo zilijaa mwandiko mzuri, michoro imepigwa rula. Tarehe ya mwisho ilikuwa ya mwezi wa sita. Baada yake ukurasa mweupe, na nyuma kabisa mashairi ya kwaya. Mwalimu alihamishwa Julai, hakuletwa mwingine. Kijana mmoja aliyemaliza chuo na hajapata ajira alikuwa anakuja kujitolea siku mbili kwa wiki, wazazi wakimchangia nauli.

Hapa ndipo Mbugani inaposhindwa, na inashindwa vibaya. Binti wa dada anasema anataka uuguzi. Vyuo vya uuguzi ngazi ya kati vinataka ufaulu wa masomo manne, yakiwemo biolojia, kemia na fizikia, na D inatosha. D ni alama 30. Si nyingi, lakini huzipati kwa ukurasa mweupe. Mtoto anayefika kidato cha tatu bila msingi wa fizikia huiacha, na akiiacha ameuacha uuguzi bila kujua.

Kwenye Kiingereza tofauti si kubwa kama watu wanavyodai. Zote mbili zinapokea watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari moja kila kitu kinageuka isipokuwa masomo machache. Zote zina wiki za mwanzo za kuwazoesha. Barabarani wana mdahalo kila Ijumaa. Mbugani mwalimu anaeleza kwa Kiswahili, akikwama anatia Kisukuma, watoto wanaelewa vizuri kabisa, halafu mtihani unakuja kwa Kiingereza.

Msongamano, vyoo, makande

Kiwango cha sekondari ni wanafunzi 40 kwa darasa. Barabarani nilihesabu kidato cha kwanza mkondo mmoja nikakoma kwenye sabini, maana walioko nyuma walikuwa wamekaa wawili kwenye kiti kimoja na sikuwaona vizuri. Shule ilijengwa wakati wa mpango wa MMES, ule wa 2004 hadi 2009 uliomwaga sekondari kila kata, na haikuwaza mji ungekua hivi. Mbugani ilipata madarasa ya fedha za UVIKO-19, yale 15,000 yaliyojengwa nchini kuanzia mwishoni mwa 2021, na ina darasa moja linalobaki tupu.

Vyoo: mwongozo ni tundu moja kwa wasichana 20. Kama una binti, nenda nyuma ukahesabu milango, na uangalie kama inafungika kwa ndani. Barabarani wasichana wanapanga foleni mapumziko mpaka kengele inalia. Dada alikwenda mwenyewe kuangalia, akarudi amenuna, hakunieleza zaidi.

Chakula, Mbugani wanashinda. Kila mzazi hupeleka debe la mahindi na maharage kwa muhula, mpishi anawapikia makande, wote wanakula. Asiyeleta anakula pia, na jina lake linasomwa kwenye mkutano wa wazazi, adhabu ambayo kwa Wasukuma inatosha. Barabarani wanakula waliolipa. Wengine wanakwenda kununua mihogo barabarani. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya mchango, mwongozo unakataza, lakini hakuna mwongozo unaoweza kumzuia kunusa.

Giza

Nilisahau jambo moja, na wa ziwani watanicheka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi wakati hakuna mbalamwezi. Siku za giza mitumbwi inatoka yote, alfajiri inarudi imejaa, na mwalo mzima unahitaji mikono ya kuanika kabla jua halijapanda. Mikono iliyo karibu ni ya watoto.

Mbugani ndiyo inayopokea watoto wa mwaloni. Daftari lao la mahudhurio lina mawimbi: wiki za mbalamwezi limejaa, wiki za giza lina mapengo. Mkuu wa shule, mama mmoja mwenye sauti ndogo, aliacha zamani kupigana na mwezi. Mitihani ya ndani anaipanga wakati wa mbalamwezi, na asubuhi za giza anakwenda mwaloni mwenyewe kwa miguu, anasimama pembeni ya nyavu za kuanikia, hasemi kitu. Wazazi wanaona aibu, watoto wanaondoka. Barabarani hawana tatizo hilo kwa kuwa wengi wa watoto wao hawatoki mwaloni, na wanaotoka mwaloni ndio wanaokosekana ifikapo kidato cha nne.

Dada aliposikia hilo akanyamaza. Nikamwambia, kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa, kwamba kati ya Barabarani na Mbugani kuna shule ya tatu inayomtaka binti yake, nayo ni biashara yake mwenyewe.

"Unataka nianike peke yangu?"

"Ajiri mtu. Nauli ya boda uliyokuwa uilipe, mpe huyo."

Ningepeleka nani wapi

Mtoto wako anaongoza darasa, mnakaa umbali wa kutembea kutoka barabara kuu, na anataka sayansi: Barabarani, bila kusita. Atapata walimu, na hatakuwa miongoni mwa wanaoshauriwa kuondoka. Mvulana mwenye baiskeli na kichwa kizuri, vilevile.

Mtoto wa katikati, au wa chini kidogo, au binti ambaye njia pekee ya Barabarani ni boda au geto: Mbugani. Hii najua haitapendwa vijiweni. Lakini ukimpeleka Mbugani, lipia somo moja ambalo shule haina. Sio twisheni ya kila kitu. Tulikubaliana na yule kijana wa kujitolea kwamba Jumamosi awafundishe fizikia watoto sita katika chumba cha nyuma cha duka langu, kila mzazi atoe kidogo. Gharama ya muhula haifiki nauli ya mwezi.

Mwenye mtoto wa kumaliza mwaka 2027 ana hesabu ngumu zaidi. Kwa mtaala mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita, kwa hiyo mwaka huo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 kidato cha kwanza kitapokea vikundi viwili kwa mara moja. Ile Barabarani ya sabini kwa darasa sijui itawaweka wapi. Mbugani ina darasa tupu moja na maboma mawili ambayo wananchi walisimamisha kuta wakaishiwa mabati. Kama ningekuwa na mtoto wa kundi hilo, ningeanza kuhudhuria mikutano ya maendeleo ya kata sasa hivi, na mdomoni ningekuwa na neno moja tu: bati.

Desemba orodha ilitoka. Binti alipangiwa Barabarani. Uhamisho kwenda Mbugani ulichukua siku nne, na afisa mmoja aliyepitia barua aliniuliza mara mbili kama sijakosea kuandika majina ya shule. Nikamwambia sikukosea.

Giza la Februari nilipita mwaloni saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwenda kuchukua dagaa wa nyumbani. Dada alikuwa ameinama juu ya wavu, akisambaza kwa mikono miwili, na mama mmoja wa kuajiriwa upande wa pili. Aliponiona hakunisalimu.

"Ameondoka saa kumi na mbili kasoro," alisema. "Viatu amevifunga shingoni. Hawa kilo ngapi?"